Mshikaji, mikorosho ya mzee usiiuze kwanza!

Wiki hii habari za mapenzi naziweka kando. Wale wenye kesi za kuachwa vumilieni kidogo, machozi hayaozi. Kuna meseji mbili zimeniingilia kutoka kusini, moja ya Nachingwea na nyingine ya Ruangwa, na zote mbili zinauliza jambo moja: masta ya mambo ya fedha huko majuu, mtu achague ipi?

Wa Nachingwea ni kaka wa miaka 24. Kamaliza digrii ya uhasibu mwaka jana, kazi hajapata. Ameomba chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza, wamemkubali, masta ya fedha ya mwaka mmoja, ada pauni 23,000. Mfadhili hana. Chuo kinataka amana kabla Juni haijaisha ili nafasi yake isichukuliwe. Mzee wake, kwa mapenzi ya mtoto, kasema shamba liuzwe: ekari 12 za mikorosho inayozaa. Mjomba amekataa katakata. Na nyie mnaowajua Wamwera mnaelewa, mjomba akishasema hapana kuhusu mali ya ukoo, mkutano unaweza kulala na kuamka palepale. Kaka anamwona mjomba ni mshamba asiyependa maendeleo. Ananiomba mimi nimwandikie maneno ya kumlainisha.

Wa Ruangwa ni dada wa miaka 28, anafanya kazi benki, huu mwaka wa nne. Yeye shamba la kuuza hana. Anataka kujua aombe wapi, Uingereza, Ujerumani au Sweden, na asianguke katikati. Ana mchumba pia, na mchumba hajaambiwa kitu. Hilo la mchumba tutalifikia.

Najua kuna wajuaji watauliza: wewe mwenyewe umeishia kidato cha sita, masta ya Ulaya unaijulia wapi? Sikilizeni. Nimekaa na waliokwenda na kurudi, nimesoma masharti yao mstari kwa mstari, na kujumlisha nilifundishwa darasa la pili. Mengine yote kwenye jambo hili ni kujumlisha tu.

Haya, tuanze na kaka. Toa kalkuleta. Tukadirie pauni moja ni shilingi 3,300. Ada ya pauni 23,000 inakwenda karibu milioni 76. Hujamaliza. Ukiomba viza ya Uingereza lazima uonyeshe benki fedha za kujikimu, na kwa anayesoma nje ya London ni zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi, kwa miezi 9. Hizo nazo ni karibu pauni 10,000, yaani milioni 33, na ziwe zimelala kwenye akaunti siku 28 bila kuguswa. Halafu kuna ada ya matibabu, pauni 776 kwa mwaka, unalipa kabla hujaugua hata mafua. Nauli ya ndege na koti la baridi sijaweka. Tumeshapita milioni 109.

Sasa tuigeuze iwe korosho, maana ndiyo lugha ya Nachingwea. Kaka kaniambia shamba lao mwaka mzuri linatoa kama tani tatu. Msimu wa 2024 bei mnadani zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakachinja kuku. Lakini bei ya korosho si ya kuiwekea ahadi, tukadirie shilingi 3,000. Milioni 109 ni tani 36. Ni mavuno ya miaka 12, kabla hujatoa hela ya salfa, ya palizi na ya kula! Mshikaji, mjomba wako hajawahi kuingia darasa la uchumi, lakini hesabu hiyo aliipiga kichwani akiwa amekaa kwenye mkeka.

Halafu angalia tarehe. Amana inatakiwa Juni. Juni na Julai ndipo mikorosho inataka kupuliziwa salfa, na ndipo nyumba nyingi za huko hazina hata mia. Korosho zenyewe zinaokotwa kuanzia Septemba na Oktoba, minada ndiyo inafuata. Anayehitaji hela nyingi kwa haraka mwezi Juni Nachingwea anakutana na nani? Kangomba! Tangu mwaka 2007 ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho, mkulima anapeleka mzigo AMCOS, unakwenda ghalani, unauzwa mnadani chini ya chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI. Kangomba anaingia kabla ya hapo, njaa ikiwa imekolea, anakupa vijisenti leo ili umpe korosho kesho kwa bei anayoitaka yeye. Na anayenunua shamba mwezi wa njaa naye ni ndugu wa kangomba, ila amevaa shati la kuchomekea. Shamba hilohilo likiuzwa Desemba, bei yake ni nyingine kabisa.

Na msisahau 2018. Wanunuzi walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaingia kubeba mizigo. Bei ilikuwa ya kushangilia, lakini wapo waliosubiri malipo mpaka mwaka uliofuata. Fikiria ungekuwa na mtoto Uingereza msimu ule, chuo kinadai muhula wa pili, na wewe unasubiri uhakiki. Chuo cha Uingereza hakijui uhakiki ni mdudu gani.

Nikimtetea mjomba kaka ataniambia Wazungu ndio wenye elimu ya fedha. Kweli wanayo. Lakini wewe mtu wa Nachingwea ndiye wa mwisho kudanganywa na jina la Mzungu kwenye hesabu! Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga hapa kwetu, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikuja na matrekta na makadirio ya mavuno yaliyopigwa taipu vizuri. Reli ikajengwa kutoka Mtwara kuja Nachingwea kubeba karanga. Karanga zenyewe hazikuja kwa kiasi walichoandika. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, karibu pauni milioni 36 zimekwenda na maji, na reli ikaja kung'olewa. Wale hawakukosa digrii. Walipanga matumizi kwa mapato ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyaona. Kaka naye anapanga kulipa milioni 109 kwa mshahara ambao hakuna mtu aliyemwahidi.

"Nitafanya kazi hukohuko nirudishe hela," ndivyo alivyoandika. Sawa, tuone. Mwanafunzi Uingereza anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hela hiyo ni ya chumba na mkate, ada hailipi. Ukimaliza kuna viza ya kubaki kutafuta kazi, ilikuwa miaka miwili, lakini watakaoiomba kuanzia Januari 2027 wanapewa miezi 18 tu. Na waajiri wakubwa wa London wanaajiri kwanza wale walioshika mafunzo ya kazi tangu wakiwa digrii ya kwanza. Wapo Wabongo waliopenya, nawaheshimu. Wapo pia wenye masta ya fedha wanaobeba boksi na kuandika nyumbani kwamba wako "kwenye kampuni". Boksi ni kazi halali, sicheki. Ila boksi halihitaji kuuza ekari 12.

Kwa hiyo kaka asiende majuu? Sijasema hivyo! Ulaya si Uingereza peke yake, na hapa ndipo vijana wengi wanapotea, maana mawakala wenye ofisi mjini wanakutangazia vyuo vinavyowalipa kamisheni. Chuo kisicholipa wakala utakisikia wapi?

Chukua Ujerumani. Vyuo vingi vya umma vya kule havitozi ada ya masomo, mgeni na mwenyeji sawa. Unalipa mchango wa muhula tu, euro mia kadhaa. Si vyote, na usijidanganye: jimbo la Baden-Württemberg, waliko Mannheim wanaosifika kwa biashara na fedha, tangu 2017 linatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Chuo cha ufundi cha München nacho kimeanza kutoza wageni, na chenyewe ni maelfu. Lakini Goethe, chuo cha umma kilichoko Frankfurt, mji wa Benki Kuu ya Ulaya, kiko jimbo jingine.

Kizingiti cha Ujerumani ni akaunti maalumu ya benki. Kabla ya viza unaweka euro 11,904 za mwaka mmoja, zinafungwa, ukifika unachota euro 992 kila mwezi. Tukadirie euro ni shilingi 2,800, hiyo ni milioni 33 na ushee, kama tani 11 za korosho. Ni nyingi, sibishi. Lakini ona tofauti: hela ya ada ya Uingereza ikitoka haionekani tena, hii ya Ujerumani unaila mwenyewe, ni chakula na kodi ya chumba chako. Na mwanafunzi kule anaruhusiwa siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, ukimaliza unapewa miezi 18 ya kutafuta ajira. Ubaya wake, masomo ni miaka miwili, mwaka wa pili utajitegemea, na bila Kijerumani kazi ya maana inakuwa mbali hata kama darasani mnasoma Kiingereza.

Kizingiti cha pili ndicho kinachoumiza wahasibu wetu. Wajerumani wanafungua cheti chako na kuhesabu masomo: takwimu uliyosoma ni kiasi gani, hisabati kiasi gani, uchumi kiasi gani. Mtu mwenye digrii nzuri ya uhasibu anakataliwa si kwa sababu ni mjinga, ni kwa sababu hakufikisha kiwango chao cha takwimu. Kila chuo kinaandika kiwango hicho wazi. Soma kabla hujalipa euro 75 za ukaguzi wa vyeti!

Italia wengi hawaitaji kabisa, na mimi naipenda kwa jambo moja: ada ya vyuo vya umma inakwenda na kipato cha familia. Mtoto wa mkulima halipi sawa na mtoto wa tajiri, na kuna misaada ya mikoa kwa wenye kipato kidogo, wakati mwingine na chumba na chakula juu. Kazi yake ni makaratasi. Kipato cha mzee lazima kithibitishwe, kitafsiriwe, kigongwe mihuri. Mzee anayeuza AMCOS angalau ana malipo yanayopita benki, karatasi zipo. Aliyeuza kwa kangomba atathibitisha na nini? Bocconi ya Milano ni ya binafsi, pale usiende na hesabu hizi za umma.

Ufaransa vyuo vya umma viliwekewa ada mpya kwa wageni mwaka 2019, euro 3,770 kwa masta, ingawa vyuo vingi vimekuwa vikisamehe. Shule zile kubwa kama HEC Paris ni habari nyingine, zaidi ya euro 40,000, kama ilivyo LSE ya London upande wa pauni. Majina makubwa hayo yana thamani yake, hasa kwa anayetaka kuingia benki za kimataifa. Wenzangu na mimi bila mfadhili tuyatazame kama magari ya dirishani.

Halafu jina la masta lenyewe. "Fedha" ni mwavuli. Kuna masta ya fedha za makampuni, kuna ya uwekezaji, kuna ile iliyojaa hisabati tupu na kuandika programu za kompyuta, kuna ya fedha na maendeleo. Aliyesoma uhasibu akijitupa kwenye ile ya hisabati tupu atalia kwa Kiswahili darasani. Na kama lengo la kaka ni kuwa mhasibu hapahapa Tanzania, basi waajiri watamuuliza CPA ya NBAA kabla hawajauliza Uingereza kuna baridi kiasi gani. Masta ya Uingereza haikupi CPA. Kaka yuko miaka 24, mitihani ya NBAA anaweza kuifanya akiwa anatafuta kazi, shamba likiwa linazaa.

Kaka, neno langu ni hili, na ulichukue hata kama halikufurahishi. Andikia chuo uombe nafasi isogezwe mwaka mmoja. Vyuo vingi huruhusu. Tafuta kazi, hata ya mshahara mdogo, kwenye chama cha ushirika, kampuni ya ununuzi, au kwenye madini ya kinywe kule Ruangwa ambako mradi wa Lindi Jumbo uliendelezwa na kampuni ya Australia. Kule fedha za mauzo ya hisa za ng'ambo zimegeuka mitambo kijijini, utajifunza mambo ya fedha kuliko unavyodhani. Ukifikisha miaka miwili ya kazi, milango ya ufadhili inafunguka. Leo hii mingi imefungwa kwako kwa sababu hiyo moja tu.

Na hapo ndipo nakuja kwa dada wa Ruangwa, ambaye kumbe ameshika tiketi na hajui.

Dada yangu, miaka minne ya benki ni mali. Chevening ya serikali ya Uingereza inataka saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili. Inalipa ada, nauli na kujikimu, masta ya mwaka mmoja, unachagua kozi tatu. Dirisha lake hufunguka Agosti na halikawii kufungwa. Sharti lake: ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka miwili. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola, nao kwa Watanzania uko wazi, ila uwe kweli ni mtu ambaye bila wao usingeweza kwenda. Ujerumani kuna DAAD, wana kundi la kozi za maendeleo, wanataka miaka miwili ya kazi na digrii isiyozidi miaka sita. Kwa hiyo hesabu vizuri mwaka uliomaliza chuo, usije ukachelewa kwa miezi! Pale Leipzig wana masta ya kukuza biashara ndogo ndogo, kwa mtu wa benki anayekopesha wakulima na mama ntilie hiyo inakukaa kama kanga.

Sweden nayo usiidharau. Majaliwa, mbunge wenu wa zamani aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, katika masomo yake alipitia Chuo Kikuu cha Stockholm. Enzi zile mgeni hakulipa ada kule. Walianza kutoza wasio wa Ulaya mwaka 2011, lakini Taasisi ya Sweden ina ufadhili ambao Tanzania imo, wanataka saa 3,000 za kazi. Tahadhari: si kila masta inaingia katika orodha yao. Angalia orodha kwanza, ndipo uipende kozi. Usifanye kinyume, moyo ukishapenda hausomi masharti, hilo kwenye safu hii tunalijua vizuri!

Zaidi ya hapo kuna Erasmus Mundus, masta moja mnaisoma nchi mbili au tatu, wanaopata ufadhili hupewa euro 1,400 kwa mwezi. Ushindani wake ni wa dunia nzima, omba lakini usilale mlangoni.

Kwenye kuandika maombi, usiandike kwamba tangu utotoni una ndoto ya fedha. Wanaosoma wameshaona ndoto elfu. Andika unachokiona dirishani kwako: mkulima mwenye tani mbili ghalani na stakabadhi mkononi, anakopa kwa kangomba kwa sababu hela yake haijafika. Andika wewe ukirudi utafanya nini kuhusu huyo mtu. Mzungu wa London hawezi kuliandika hilo, wala Mbongo wa Masaki.

Kabla ya kusaini lolote, peleka jina la chuo TCU uone kama wanakitambua. Na barua ya ruhusa ya mwajiri iombe mapema, benki hazipendi kushtukizwa.

Sasa mchumba. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kawaida Uingereza haruhusiwi kumchukua mume wala mke. Kwa hiyo hakuna habari ya "tutaenda wote." Mwambie leo, kabla ya Agosti, si siku ya kupanda basi. Kama ni mwanaume wa kukungoja mwaka mmoja utamjua kwa swali lake la kwanza. Akiuliza "utarudi lini?" kaa naye. Akiuliza "nani amekuruhusu?" niandikie tena, hiyo ni mada yangu halisi.

Kaka wa Nachingwea, maneno ya kumlainisha mjomba sikuandikii. Mpelekee yeye na mzee hesabu hizi, za pauni na za euro, kwenye karatasi moja, na umwachie mjomba aongee wa kwanza.

Wiki ijayo ni zamu ya yule binti wa Masasi aliyekuta namba ya shemeji yake kwenye simu ya mumewe. Wote mnaodai majibu, foleni inasogea.